Theluji ya Shemeji

Vyombo vitatu vilikuwa vimepangwa kwenye changarawe, na Kigen alikuwa amevizunguka mpaka muuzaji akachoka kumfuata, akarudi kusimama mlangoni pa ofisi na mikono yake mifukoni.

Cha kwanza kilikuwa blade, bamba la chuma refu la kufunga nyuma ya trekta, la kukwangua chini. Cha pili kilikuwa spreader, pipa la plastiki lenye sahani inayozunguka chini yake. Unajaza chumvi, unaendesha, na sahani inaitawanya kama mama anayerushia kuku mahindi. Cha tatu kilikuwa snow blower, mashine yenye mdomo mpana na shingo ndefu, inayokula theluji huku na kuitapika kule. Hiyo ya tatu ilikuwa na vumbi. Muuzaji alisema iliagizwa na mtu aliyekuwa anahamia Colorado, mke wake akakataa kuhama, na tangu siku hiyo kazi ya mashine ilikuwa kupandwa na watoto wa wateja wakipigwa picha.

"Hapa kwetu theluji ni mgeni wa mchana," muuzaji alimwambia. "Inapita, inasalimia, inaenda. Barafu ndiyo inalala. Chukua spreader na blade. Chumvi unamwaga mapema, blade unapitisha baadaye. Lakini amua, maana hiyo spreader ndiyo ya mwisho, na watu wameshaona forecast."

Kigen alijua hayo yote. Miaka yake yote Texas hakuwahi kuona theluji ya kufika hata kwenye kifundo cha mguu. Alichokuwa ameona ni barafu, ile ya kioo, inayofanya lori zima litembee kimbavumbavu kama ng'ombe kwenye matope.

Trekta yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukata nyasi na kusawazisha changarawe za watu. Aliinunua baada ya mgongo wake kukataa kazi ya kubeba maboksi kwenye warehouse moja huko Euless, na miezi ya nyasi ilikuwa imemtendea mema. Shida ni kwamba winter nyasi hulala, na trekta hulala nayo, na mwenye trekta hubaki macho. Ndipo jirani yao Clarisse, Mkongomani anayefanya kazi kwenye kliniki ya kusafisha damu pale Arlington, akapeleka jina lake kwa meneja. Meneja, mama mmoja mwenye maneno machache aitwaye Denise, akampa parking yote aisafishe winter nzima, kwa sharti moja: storm ya kwanza ndiyo mtihani. Mgonjwa wa figo hawezi kusema atakuja kesho.

Mke wake, Cherotich, naye akaweka sharti lake.

"Ukiishika hiyo kazi, trekta inakaa," alisema. "Ukiikosa, tunaiuza na unarudi warehouse. Mimi siwezi tena kubeba hii nyumba na double shift."

Hakusema kwa hasira. Alisema akivua viatu vya kazi, kimoja kimoja, akiwa amefunga macho, na hapo ndipo Kigen alipoogopa.

Sasa Cherotich alikuwa amelala kwenye gari, na sare yake ya unesi, mdomo wazi, kichwa kwenye kioo. Kigen alimtazama, akaitazama spreader, akainua mkono kumwita muuzaji. Simu ikalia.

"Shemeji, uko wapi?"

Alikuwa Kimaiyo, kaka mkubwa wa Cherotich, wa Minnesota.

"Niko kwa duka ya matrekta hapa."

"Usinunue kitu."

"Nilikuwa naangalia tu."

"Usiangalie pia. Nimeona forecast yenu. Nimefunga blower yangu kwa trailer, nimeipaka rangi mpya, saa hii niko Iowa nakula. Kesho niko kwako. Sasa watu wa Texas watakufundisha nini juu ya theluji? Hao wakiona umande mweupe kwa windshield wanafunga shule."

Kigen alifungua mdomo.

Kuna sheria moja ambayo hakuna ubalozi ulioiandika, na kila Mkenya aliyefika Amerika anaijua: aliyekupokea airport ndiye mzazi wako huku. Kimaiyo aliwapokea Minneapolis akiwa amebeba makoti mawili ya kuazima. Waliishi kwenye basement yake winter nzima. Alimfundisha Kigen kuendesha gari upande wa kulia, akamfundisha kutotoka nje ya gari polisi anapomsimamisha, na alimlipia Cherotich shule ya unesi tangu Eldoret mpaka mtihani wa huku. Mtu kama huyo humwambii hapana. Unamwambia sawa, halafu unatafuta mahali pa kuiweka hiyo sawa.

"Sawa, shemeji," Kigen alisema. "Kongoi. Asante sana."

Muuzaji alielewa kabla hajaelezwa. Wauzaji huujua mgongo wa mtu anayeondoka. Kigen hakuwa amefika kwenye gari na tayari mzee mmoja mwenye kofia kubwa alikuwa anapakiza ile spreader, akipiga mluzi.

Cherotich alizinduka mlango ulipofungwa. "Umechagua?"

"Kimaiyo anatuletea blower."

"Blower ya nini?"

"Ya theluji."

"Theluji gani?"

Kigen alirudisha gari nyuma kwa uangalifu mwingi ambao gari hilo halikuwa linauhitaji.

*

Kimaiyo alifika kesho yake mchana, amevaa fulana ya mikono mifupi, akiwacheka majirani waliovaa makoti. Blower ilikuwa ya kijani kibichi, inang'aa kama gari la bwana harusi. Ilikuwa imezungukwa na maboksi, na ilikuwa imelazwa kwenye godoro.

"Hiyo godoro ni ya nini?" Cherotich aliuliza.

"Ya kuzuia isigongegonge njiani."

"Na maboksi?"

"Dada yangu, nimetoka mbali. Kwanza nipe chai."

Clarisse alikuwa anarudi kutoka kazini, akavuka barabara kuja kuona. Aliizunguka ile mashine, akachungulia ndani ya mdomo wake, akamgeukia Kigen.

"Bwana Kigen, hii njo ya kusafisha kule kwetu?"

"Hii, mama," Kimaiyo alidakia, "inakula theluji ya kufika kiunoni."

"Theluji iko wapi, kaka? Huku ni glace tu. Mwaka ule mwingine nilianguka pale parking, nikafika ku mulango na magoti, sawa vile mutu anaenda kwa kuomba."

"Barafu ni theluji ambayo haijaenda shule. Ni kitu moja."

"Bon." Clarisse hakucheka. "Weye, Kigen, unasema je? Njo weye ulipewa kazi. Na miye njo nilisema jina yako kwa chef wa kazi."

Wote watatu walimwangalia. Kigen alipapasa rangi ya kijani kwa kidole, akakuta haijakauka vizuri.

"Tutaona," alisema.

Walipokaa kula, Kimaiyo aliwasimulia winter za Minnesota mpaka ugali ukapoa. Alieleza milango ilivyofukiwa, magari yalivyopotea, jinsi alivyowahi kufungua parking ya supermarket nzima kabla hawajafungua duka. Chebet, binti yao, alimsikiliza akitafuna, halafu akasema, "But Uncle, it doesn't even snow here."

"Huyu mtoto," Kimaiyo alisema, "anahitaji kuletwa Minnesota kidogo."

Jikoni, Cherotich alifungua maji ya bomba kwa nguvu ili sauti isifike sebuleni.

"Mwambie."

"Ni kaka yako."

"Ni kazi yako."

"Alitupokea, Cherotich."

"Alitupokea. Kila mtu alipokewa na mtu. Hata suitcase hupokewa. Kwa hivyo atatuchagulia kila kitu mpaka lini? Mimi nikimwambia, ni mtoto amekosa adabu, ataanza kuhesabu school fees. Wewe ukimwambia, ni mwanaume anaongea juu ya kazi yake."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho inaanza kunyesha."

Aliichukua sufuria ya ugali akaanza kuikwangua, na Kigen akasikia kila mkwaruzo mgongoni.

Asubuhi Kigen alisema anaenda kununua maziwa. Alizunguka maduka ya vifaa ya Arlington yote, akitafuta chumvi ya barafu, na kila alipofika alikuta rafu tupu na mfanyakazi mmoja mwenye huruma. Katika duka la mwisho kulikuwa kumebaki mifuko ya mchanga wa kuchezea watoto. Kijana wa pale alimuuliza kama ana watoto wadogo. Kigen alisema ndiyo, akanunua mifuko aliyoweza kuibeba, akaificha chini ya turubai nyuma ya pickup kama mtu aliyenunua pombe. Maziwa aliyasahau.

"Maziwa iko wapi?" Kimaiyo aliuliza.

"Yameisha. Watu wamenunua yote."

"Unaona? Texas." Na Kimaiyo akacheka kwa furaha ya kweli.

*

Mvua ilianza kama kitu cha kawaida, halafu ikawa chembe ndogo ngumu, zikigonga madirisha kama mchele unaochambuliwa. Zilipokwisha, mji mzima ulikuwa ndani ya kioo. Kliniki ilisogeza mbele wagonjwa wa kwanza mpaka jua litoke, na ilipoanza kupambazuka Kigen na shemeji yake walikuwa tayari pale, trekta imeshushwa, blower imefungwa nyuma.

Blower ya nyuma huendeshwa kinyumenyume. Unakaa umeangalia mbele na unaenda nyuma, shingo imepinda kama ya bundi, na mgongo unaandika malalamiko. Kigen aliwasha, akaishusha, akaanza.

Ilikuwa na sauti nzuri, hilo lazima lisemwe. Ilinguruma parking yote. Lakini ilipita juu ya barafu kama sinia juu ya meza ya kioo, na kwenye ile shingo ndefu kikatoka kijiko kimoja cha unga mweupe, kikaanguka hapo hapo.

"Shusha kidogo, shemeji," Kimaiyo alisema. "Iingie ndani."

Akashusha. Kitu kikalia tang, na mdomo wa blower ukaacha kuzunguka.

Ilikuwa boliti. Boliti hiyo huwekwa pale makusudi ikatike, ili gia zisivunjike. Kwa hivyo hata ilipokatika ilikuwa inafanya kazi yake, tofauti na watu wengine waliokuwepo. Kimaiyo alikuwa na za akiba. Alipiga magoti, akabadilisha kwa vidole vitupu, akainuka, akaitikia kwa kichwa kumpa Kigen ruhusa. Trekta ikaenda hatua chache. Tang.

"Hizi boliti za Texas," Kimaiyo alisema, na boliti zilikuwa zimetoka naye Minnesota.

Van ya kwanza ikaingia, polepole, ikateleza kidogo, ikasimama mbali na mlango. Ndani alikuwa mgonjwa mmoja, Mzee Nderitu, kwenye wheelchair, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Dereva alishuka, akagusa chini kwa kiatu, akarudi ndani akishikilia mlango. Alisema yeye hashushi kiti cha mtu juu ya kitu kama hicho. Mzee akianguka, kazi yake imeenda na yeye.

Mzee Nderitu alishusha kioo.

"Vijana, mnalima ama mnapanda?"

"Tunajaribu, mzee," Kigen alisema.

"Jaribuni haraka. Nilikuwa nisafishwe jana, wakafunga mapema." Aligusa kifua kwa kidole. "Maji imefika hapa. Ikifika kwa shingo mtanisikia nikiongea kama chura."

Van ya pili ikasimama nyuma yake. Mlango wa kliniki ulifunguka na Denise akatoka, amejifunga shali, Clarisse nyuma yake. Denise aliangalia trekta. Aliangalia ile kijani yote. Halafu akamuuliza Kigen, kwa adabu kabisa, kama hicho ndicho kifaa alichosema atakuja nacho, maana yeye aliambiwa amempata mtu anayeijua kazi. Clarisse hakuinua macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe, kama mtoto aliyemleta mwenzake nyumbani na mwenzake akavunja kikombe.

"Tungoje jua kidogo," Kimaiyo alisema. "Likitoka, juu inalegea, halafu nikiongeza uzito kwa blower..."

Kigen alizima trekta. Alishuka, akishika gurudumu asiteleze.

"Shemeji, toa hiyo kitu kwa trekta yangu."

"Nini?"

"Toa. Haifanyi kazi hapa. Haingefanya. Nilijua tangu ukiwa Iowa."

Kimaiyo alimwangalia. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya kubeba jeneza, na kwa muda mfupi ilionekana kama yatainuka yote mawili. Halafu akainama, akachomoa pini moja, akachomoa nyingine. Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa rahisi zaidi kama mtu angepaza.

Kwenye pickup kulikuwa na vyombo vya bustani: sururu, koleo mbili, mtaimbo wa kuchimbia mashimo ya uzio. Kigen alichukua sururu, akaenda mpaka kwenye mlango wa van ya Mzee Nderitu, akapiga. Barafu ikapasuka kipande kama sahani. Akapiga tena. Kimaiyo alikuja na mtaimbo bila kuambiwa, akaanza upande wa kliniki, na wakaanza kufuatana, mmoja akitoka huku na mwingine kule. Clarisse alivaa mifuko ya takataka juu ya viatu, akakokota ile mifuko ya mchanga kutoka chini ya turubai, akamwaga nyuma yao kwa kikombe cha plastiki cha kliniki.

"Mchanga wa nani huu?" Kimaiyo aliuliza akihema.

"Wangu," Kigen alisema.

"Uliununua lini?"

"Nilipoenda maziwa."

Kimaiyo alipiga chini kwa mtaimbo mpaka jasho likaanza kumfuka kichwani.

Njia waliyoitoa ilikuwa pana kama wheelchair moja, si zaidi. Dereva aliikagua, akashusha kiti. Mzee Nderitu alisukumwa juu ya mchanga, mikono imeshika blanketi, na alipowafikia akawasimamisha wamsukumao.

"Barabara ya kwetu haijawahi kufikia uzuri huu," alisema. "Na ilijengwa na injinia."

Wakaja wengine nyuma yake, wa viti na wa mikongojo, mmoja mmoja, kama watu wanaoenda kutoa sadaka. Hakuna aliyeanguka. Wa mwisho alipoingia, Kigen alijaribu kunyooka, mgongo ukakataa. Alibaki ameegemea gurudumu la trekta, ameinama, akiangalia mchanga.

Ndivyo alivyokuwa lori la kampuni ya Dallas, iliyokuwa na kazi hiyo kabla yake, lilipoingia limeitwa na Denise, lenye taa za manjano juu na spreader kubwa nyuma. Dereva wake alishusha kioo, akamuuliza kama anaweza kusogeza trekta kidogo, imezuia njia. Kigen akapanda kwa shida, akasogeza. Lori lilipita likimwaga, na barafu ikaanza kulia kidogo kidogo, ikilegea, parking nzima, bila haraka.

Denise alimshukuru kwa ile njia. Alimshika mkono kabisa. Akasema parking, kwa hii winter, itabidi irudi kwa hao wa Dallas.

*

Kurudi nyumbani waliendesha polepole, na hakuna aliyewasha redio.

"Kwa nini hukuniambia?" Kimaiyo aliuliza walipofika, gari limezimwa.

"Ulikuwa umeshaipaka rangi."

Kimaiyo aligeuza uso kwenye dirisha. Alipoanza kusema, alisema na kioo. Theluji Minnesota ilikuwa imepungua, winter mbili mfululizo, na mtu hakulipi kwa theluji ambayo haijaanguka. Parking zake zilichukuliwa na kampuni kubwa, moja moja. Nyumba ile yenye basement alikuwa ameiachia benki kabla haijamfukuza. Blower ndiyo kitu cha pekee alichobaki nacho ambacho mtu angeweza kukihitaji.

"Nilisema nikuje nayo," alisema. "Nisikuje mikono mitupu."

Cherotich alikuwa amesimama barazani, koti juu ya nguo ya kulalia. Alifungua mlango wa gari upande wa kaka yake.

"Hiyo godoro haikuwa ya blower," Kimaiyo alimwambia.

"Nilijua. Mtu hafungi blower na foronya. Ingia ndani, utalala kwa chumba ya Chebet, yeye atalala na mimi. Baba Chebet atalala sakafuni, na huo mgongo hata kitanda hakitamtaka."

Hakumuuliza Kigen habari ya parking. Alimsaidia kushuka, akiwa amemshika kiunoni jinsi anavyowashika wagonjwa wake, kwa mikono ya kazi. Walipofika mlangoni alisimama.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Saa ngapi?"

"Ikiwa imechelewa."

Cherotich alipumua kwa pua. "Basi, angalau sasa iko nje," alisema, na akamwingiza ndani.

Hakumkumbusha sharti lake. Kigen ndiye aliyepiga picha za trekta mwenyewe, akaziweka kwenye Facebook. Watu wa karibu waliandika maneno tu; wengine waliuliza kama inaweza kubadilishwa na mbuzi. Halafu akajitokeza mtu wa huko juu karibu na Amarillo, ambako theluji huanguka kweli, na alichotaka kujua ni kama ile blower ya kijani inauzwa pamoja nayo. Alikuja na trailer ndefu. Aliipapasa blower mara nyingi kuliko trekta.

"Si nilikwambia hiyo kitu ni muhimu?" Kimaiyo alisema, trailer ikikata kona.

Cherotich alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua vizuri ni lini kicheko kiliisha na uchovu ukaanza. Kigen alikaa karibu naye. Mahali trekta ilipokuwa inalala kulikuwa na doa la mafuta na nyasi iliyofifia.

Alirudi warehouse. Walimpa kazi ya kuskani lebo badala ya kubeba, na mshahara mdogo wa kuskani. Kimaiyo aliandikishwa naye, upande wa kubeba, na wiki ya kwanza alirudi jioni akitembea kama mlango mbovu, akasema Minnesota watu hawafanyi kazi hivi.

Ilikuwa wakati wa mapumziko, Kigen amekaa juu ya boksi tupu, Denise alipopiga simu. Alisema storm nyingine inakuja. Alisema wale wenzake wa Dallas wanasafisha pale gari zinapopita tu. Njia ya miguu si kazi yao, wameandika hivyo. Wagonjwa wamekuwa wakiuliza wale jamaa wa ile njia wako wapi, hasa mzee mmoja, anauliza kila siku. Je, angeweza kuichukua hiyo tu? Kutoka van zinaposimama mpaka mlangoni, winter hii na zinazofuata. Halafu akaongeza, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba hatahitaji trekta.

"Hapana," Kigen alisema. "Sitahitaji."

Alimpigia Cherotich. "Wamenirudishia kipande."

"Kipande gani?"

"Cha miguu."

Nyuma ya Cherotich zilisikika mashine za hospitali zikilia taratibu. "Hicho mgongo wako utakiweza?" aliuliza.

"Nikipata koleo nzuri."

"Basi nenda ukachague."

Walipotoka kazini na Kimaiyo, Kigen alipitia duka la vifaa, storm ikiwa bado iko Oklahoma, akaegesha karibu na mlango. Kimaiyo alikuwa ameanza kufungua mkanda.

"Koleo lazima iwe aluminium," alisema. "Sisi kule tunatumia yenye mpini umepinda, ndiyo mgongo..."

"Shemeji."

"Eh?"

"Wewe kaa kwa gari."

"Nilitaka tu kukuonyesha moja."

"Najua. Kaa tu kwa gari."

Kimaiyo alimwangalia, mkono ukiwa bado kwenye mkanda. Nje upepo ulikuwa umeanza kusukuma vigari vya duka, vikigongana vyenyewe. Alirudisha mkanda taratibu mpaka ukalia.

"Sawa," alisema. "Lakini niachie heater."

Kigen alimwachia funguo, akaingia dukani. Alizishika koleo zote, moja baada ya nyingine, akiinama nazo kidogo, akijaribu mpini, akizirudisha. Hakuwa na haraka.